Sungura Aliyeimba Mchana

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu karibu na Songwa, hadithi zilikuwa na wakati wake. Sungura, fisi na kobe waliruhusiwa kusema na kuimba pale tu ng'ombe walipokwisha kuingia zizini na moto wa shikome, ule wa kuota pamoja jioni, umewashwa uani. Ukisimulia hadithi jua likiwaka, alisema bibi yangu mzaa baba, ng'ombe wa kwenu watapotea. Hakusema kwa kututisha. Alisema kama mtu anayekukumbusha kufunika chungu.

Kwa hiyo siku ya sinema sikujua nimsikilize nani.

Bwana wa sinema alikuja na gari na injini yake ya umeme. Jioni alikuwa anasubiriwa na wafanyakazi wa mgodi wa almasi, hivyo sisi watoto wa shule tukaonyeshwa mchana, ndani ya ghala la kiwanda cha kuchambua pamba. Madirisha yalizibwa kwa magunia, milango ikafungwa, tukakaa juu ya pamba tukipiga chafya. Kisha, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, wanyama wa kuchorwa wakaanza kutembea.

Sungura alivaa kofia. Akafungua mdomo, akaongea! Akaimba, bata wakamwitikia, na chura mnene akapiga ngoma mpaka ikapasuka, akatumbukia ndani yake. Watoto walicheka hadi wakashikana mabega. Nami nilicheka, lakini kwenye ufa wa mlango niliuona mstari wa jua, mweupe kama chaki. Walikuwa wanaimba mchana.

Jioni ng'ombe walirudi bila Madoa.

Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka, na mdogo wangu Jilala, mtoto wa kubebwa, aliishi kwa maziwa ya Madoa. Ng'ombe yule akilala nje, fisi wasingemwacha.

Aliyechunga siku hiyo ni baba mdogo Luhende, kijana aliyekuwa anajiandaa kuoa. "Nilikuwa nao mtoni siku nzima," alisema. "Nimegeuka kidogo tu, simwoni." Baba akachukua mkuki, akaelekea mtoni na majirani. Luhende alitaka kuwafuata, lakini bibi akamshika bega, akampangusa kitu, akasema, "Wewe kaa. Umechoka."

Mimi nililia. "Bibi, ni sisi. Sungura ameimba mchana."

Nikamweleza yote. Akasukuma kuni motoni.

"Alisema nini huyo sungura?"

"Sijui, Bibi. Alisema Kizungu."

"Hee! Hata sungura naye kapelekwa shule!" Kisha akanigeukia. "Haya, Kabula. Hadithi iliyotoka mchana hurudishwa gizani. Waite wenzako, muisimulie hapa motoni, na nyimbo zake zote."

Wakaja watoto wa jirani. Tulisimulia vibaya sana. Nyamizi alisema sungura alikuwa mume wa bata.

"Mwongo wewe! Alikuwa mwalimu wao."

"Mwalimu gani anavaa kofia darasani?"

Tuliimba bila maneno, kila mtu na sauti yake, huku Jilala akilia mgongoni kwa mama. Bibi alisikiliza kama tunasema jambo la maana.

"Na chura?" aliuliza.

"Alipasua ngoma, halafu wakaimba," nilijibu.

"Siyo!" alidakia baba mdogo, akicheka. "Wameimba kwanza! Ngoma imepasuka mwishoni, akatumbukia, miguu ikabaki juu hivi!" Akainua mikono kutuonyesha miguu ya chura.

Hakuna aliyecheka. Mikono yake ikabaki hewani.

"Luhende," bibi alisema polepole, "huko mtoni nako kuna chura anayepiga ngoma?"

Ikabidi akiri: alikuwa amejipenyeza ndani ya ghala, nyuma kabisa, kati ya wapakiaji wa marobota ya pamba. Ng'ombe aliwaacha nje ya kiwanda. Mama alimkabidhi bibi mtoto, akachukua kijinga cha moto, wakaondoka mbio yeye na shemeji yake. Walimkuta Madoa huko kiwandani, kwenye lundo la mbegu za pamba, anatafuna, hana habari na mtu. Jilala akanywa, akalala.

Nimefundisha watoto miaka mingi tangu siku ile, na bado sijui nifikirie nini. Ng'ombe alipotea kwa sababu mchungaji alikwenda sinema. Hilo mtoto yeyote atakueleza. Lakini je, si ndivyo bibi alivyosema? Hadithi ilisimuliwa mchana, ng'ombe akapotea. Ikarudishwa motoni, akapatikana. Halafu nakumbuka kile alichompangusa Luhende begani. Kilikuwa cheupe, chepesi, kikapeperuka kuelekea motoni. Sote tuliotoka ghalani tulikuwa nacho kwenye nywele. Kama alijua tangu mwanzo, mbona hakumuuliza? Labda alitaka mwanawe aseme mwenyewe. Labda aliuamini mwiko wake kabisa, na pamba ile hakuitambua. Nilikua nikitaka kumuuliza, na kila nilipomkaribia nilijikuta namuuliza jambo jingine.

Shuleni hadithi za wanyama nilizisimulia mchana, maana ratiba ilitaka hivyo. Ila nilipofika karibu na mwisho niliweka chaki mezani, nikawaambia watoto wakaimalizie nyumbani, moto ukishawashwa. Walilalamika sana. "Mwalimu, kwa nini?" Niliwaambia ukweli: sijui. Kisha nikawauliza leo nani anachunga kwao.