Salamu ya Barabara ya Malindi

Nilitoka Bofu, kule Likoni, kwenda Mwakirunge kwa sababu moja tu: kumsema Karisa. Sitaipamba safari hii. Wenzangu husafiri kutafuta riziki au kuzuru wazazi, mimi nilipanda baiskeli kwenda kumwambia mtu mzima mwenzangu kwamba anajiaibisha.

Karisa na mimi tulipiga lipu kuta za nyumba pamoja miaka mingi, tangu Changamwe na Magongo mpaka majumba ya matajiri kule Nyali. Yeye Mgiriama na Mkristo, mimi Mdigo na Mwislamu, na tulikuwa tukila sahani moja. Ujanani aliupenda ulevi wa mnazi kuliko nilivyopenda mimi usingizi. Kisha akaokoka, akaapa kuuacha, na kanisa lake likamfanya mzee wa kanisa. Sasa mkewe, Dama, aliniletea ujumbe kwa mwanamke mmoja jirani yake, kwamba Karisa ameurudia. Ameanguka na baiskeli Bamburi, amevunjika mfupa wa mtulinga, kanisa limemsimamisha uzee, na yeye Dama hasemi naye. Lililomuudhi zaidi ni kwamba Karisa hakubali kosa. Anashikilia kuwa alikuwa mkavu kabisa, bila hata tone, kwamba gari lilimjia upande wake, na dereva alikuwa amemwinulia mkono kumsalimu. Yeye naye akauinua wake kuitikia, ndipo akaenda chini.

Nilicheka hadi nikakohoa. Dereva gani anasalimu baiskeli? Sisi wa baiskeli tunapigiwa honi na kutajiwa mama zetu. Aliyewahi kutusalimu barabarani ni msukuma mkokoteni, naye ni kwa sababu anataka kusaidiwa kusukuma. Nikamwambia mke wangu, Mwanaisha, kwamba nitakwenda kumpa Karisa pole na nasaha.

"Wewe huendi kumpa pole," akasema Mwanaisha akifunga machungwa ya mgonjwa kwenye kikapu. "Wenda kumhutubia."

Baada ya sala ya alfajiri niliikokota baiskeli hadi kivukoni, na ndani ya feri nikaanza kuitunga hotuba yangu. Niliisema kwa sauti ya chini, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akahama na mtoto wake. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na aya, ilikuwa na methali, na mahali pamoja nilipanga kunyamaza kidogo ili Karisa apate nafasi ya kulia.

Kongowea, baada ya kuvuka kisiwa na daraja la Nyali, nilisimama kwa fundi wa baiskeli aniongezee upepo. Palikuwa na waendesha baiskeli wengine, wachukuzi wa mkate na wa samaki, na mazungumzo yao yalikuwa ya magari. Walisema siku hizi kuna magari ya fahari ambayo hupepesuka mchana kweupe, yakaingia upande usio wake na kurudi, na ukimtazama dereva humwoni kulewa wala kusinzia. Mmoja alisukumwa hadi kwenye majani pamoja na mikate yake yote. Mwingine alikuwa ameacha kupita barabara ya Malindi kabisa, akizunguka kwa njia za ndani na kufika samaki wake wamelegea. Waliniuliza mimi nionaje, kwa kuwa nilikuwa na mvi. Nikawaambia kwamba mpanda baiskeli mzuri haanguki ovyo, na anayeanguka ajichunguze. Fundi alinitazama, kisha akaendelea kupiga pampu.

Bamburi ilinipokea jua likiwa limeshapanda. Barabara ilikuwa tulivu, nami nilikuwa nimefika pale pa kunyamaza katika hotuba yangu, nikiendesha kwa madaha upande wangu wa kushoto. Mbele yangu likatokea gari kubwa jeupe, safi, la mtu mwenye nafasi. Lilianza kusogea taratibu upande wangu. Nikamtazama dereva ili nijue nia yake, na wallahi, nikamwona ameuinua mkono hadi kwenye sikio, kama askari anayempa heshima mkubwa wake, midomo yake ikicheza na uso wake ukitabasamu. Alikuwa ananitazama mimi.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angemkumbuka Karisa. Mimi nilijikumbuka mwenyewe. Moyo ukaniambia, Hamisi, unajulikana. Bila shaka huyu ni mmoja wa wale matajiri wa Nyali ambao niliwapigia lipu ukutani, na ule ukuta haujapasuka hadi leo, na amepunguza mwendo na kusogea makusudi ili anipe heshima yangu. Salamu kuitoa ni suna, kuiitikia ni faradhi. Basi nikauondoa mkono wa kulia kwenye usukani, nikauweka kifuani, nikainamisha kichwa vizuri na kusema, "Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh." Sikuikata hata neno moja. Nilipokuwa nikiimalizia, gari lilikuwa limeyajaza macho yangu yote.

Nilijikuta mtaroni, baiskeli juu yangu na gurudumu likizunguka. Machungwa ya mgonjwa yalitawanyika barabarani, na gari liliyapitia mengi kabla ya kusimama. Dereva akashuka. Mkono wake ulikuwa bado uko sikioni. Alinijia hadi ukingoni mwa mtaro, na nilipofungua mdomo akaniinulia kidole cha mkono wa pili nisubiri. Nikasubiri. Nimelala kwenye matope, goti linavuja damu, na nikasubiri kwa adabu kama mtu aliyekuja ofisini kuomba kazi. Ndipo nikakiona kile kitu mkononi mwake, cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, na kijiti kimechomoza juu. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wakubwa sasa wana simu za kutembea nazo. Sikujua kwamba wanatembea nazo barabara ya Malindi.

"Hapana, nakusikia," alikuwa akiiambia ile simu. "Si kitu. Ni baiskeli tu."

Akanitazama tena, akaona ninapumua, akarudi garini na kwenda zake akiendelea kuzungumza. Mkono ulikuwa vile vile alipokuwa akitoweka. Hasira ilinishika. Hasira ya gari ilikuwa ndogo, kubwa ilikuwa ya ile salamu. Nilikuwa nimempa salamu nzima, kamili na baraka zake, na hakuwa hata amejua kwamba mimi nipo.

Aliyenitoa mtaroni ni mama muuza mnazi, aliyekuwa akipita na galoni kichwani. Alinivuta, akaninyoosha, akalitazama goti na kiwiko, akasema vimejaa mchanga na vitaoza. Nikamwomba maji. "Maji sina, baba," akasema. "Nina huu tu." Kabla sijasema kwamba mimi ni mtu wa msikitini, alishafungua galoni na kunimwagia, goti kwanza, kisha kiwiko, kisha suruali kwa bahati mbaya. Ulikuwa mnazi wa jana, mkali, na ulichoma mpaka nikaimba. Kofia yangu alinipa yeye mwenyewe baada ya kuiokota, nayo ilikuwa imelowa vilevile.

Kutoka Bamburi hadi Utange niliikokota baiskeli, kwa kuwa gurudumu la mbele lilikuwa limepinda. Watu waliokutana nami waliisikia harufu kabla ya kuniona, kisha wakaniona nachechemea, kofia imekaa upande, na wakatikisa vichwa. Mzee mmoja aliyenijua alianza kunisalimu akaghairi. Ile njia ya vumbi iingiayo Mwakirunge, ambako malori ya mawe hupita, niliimaliza nikiwa mweupe wa vumbi juu na mweusi wa matope chini. Hotuba yangu yote ilikuwa imepotea kichwani. Sikuweza kukumbuka hata methali ya kuanzia.

Mwakirunge nilifika adhuhuri. Dama alikuwa uani akipepeta mahindi. Aliinuka kunipokea kwa furaha, akapiga hatua mbili, akasimama. Pua yake ilimwambia yote. Akaufunika mdomo kwa leso.

"Shemeji," akasema. "Na wewe?"

Niliapa kwamba sijalewa. Nilipoapa nikateleza, kwa sababu ya lile goti, nikamshikilia yeye nisianguke, jambo ambalo halikunisaidia. Karisa alitoka ndani kusikia kelele, mkono wake umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alikuwa amekonda. Mtu niliyemzoea akiinua ndoo mbili za saruji kwa kicheko alikuwa amesimama mlangoni kwake kama mgeni asiyekaribishwa. Nikasahau kwamba nilikuja kumsema.

"Karisa," nikamwambia, "amenisalimu na mimi."

Alicheka kwanza, hadi mtulinga ukamuuma akaushika. Kisha akakaa chini pale pale kizingitini na kulia. Sikuwa nimepanga anililie hivyo. Alikuwa amesema kweli tangu siku ile alipoanguka, na hakupata mtu wa kumwamini, si kanisani, si nyumbani, na mimi rafiki yake nilimcheka nikiwa Bofu. Niliona haya sana.

Dama alinikalisha kwenye mkeka na kuniuliza mwanzo hadi mwisho. Nikamweleza simu, mkono, tabasamu, faradhi ya kuitikia, kidole cha kunisubirisha na galoni la mnazi. Nilipomaliza aliniangalia kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema, "na yako wewe, shemeji, haifiki hata mlangoni. Nimekujua miaka mingi. Huna akili ya kutunga jambo kama hili. Basi ni kweli."

Hivyo ndivyo nilivyoaminika, kwa ujinga wangu. Nimewahi kusifiwa kwa mengi madogo, lakini hakuna sifa iliyofanya kazi kubwa kama ile. Dama aliondoka pale mkekani, akamwendea mumewe, akachutama mbele yake. "Baba Kadzo, nisamehe," akasema. "Njoo ule." Karisa aliniambia baadaye kwamba tangu avunjike, chakula alikuwa akikikuta mezani kimefunikwa, bila neno.

Asubuhi yake Dama aliwaita wazee wa kanisa. Walikuja wawili, na mkubwa wao, Mzee Charo, alikuwa mtu mkavu asiyetabasamu bila sababu iliyoandikwa. Walinisikiliza. Kisha Mzee Charo akauliza kwa upole, lakini upole wa kuniumiza, ni mtu mzima gani asiyeweza kutofautisha salamu na simu. Dama akasema heri waone wenyewe. Karisa alikuwa ameligonga gonga gurudumu langu likanyooka kiasi. Nikapandishwa baiskeli mwisho wa uani. Mzee Charo, kwa kuwa hakumwamini mwingine kufanya kazi hiyo, akapewa kipande cha sabuni ya kufulia, akakiweka sikioni, akaambiwa anijie huku akisemasema.

Nilijua ni sabuni. Nilijua ni Mzee Charo, na nilijua kwa nini nimepanda ile baiskeli. Nikajiambia nishike usukani kwa mikono miwili na nisimtazame. Lakini aliponikaribia, mkono juu, midomo ikicheza, akinitazama usoni, mkono wangu ukaondoka wenyewe kwenda kifuani. "Wa alaikum salaam," nikasema, nikaanguka juu ya kuku wa Dama.

Kuku wakatawanyika kwa kelele. Mzee Charo akaitazama sabuni iliyo mkononi mwake. Akaiweka juu ya kinu polepole, akajipangusa, akamgeukia Karisa.

"Jumapili uje ukae mahali pako," akamwambia. "Na sisi tuna msamaha wa kukuomba mbele ya watu."

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, ingawa nilipita kwa njia za ndani kama yule muuza samaki, nikitafakari nilichofundishwa. Nilidhani nimejifunza jambo kuhusu mnazi na urafiki. Lakini lililonikaa rohoni ni dogo na baya zaidi: kwamba mtu anaweza kukutazama usoni, akakutabasamia, akasogea karibu yako, na wewe usiwemo machoni mwake. Kongowea nilimtafuta yule fundi na wenzake, nikawaambia walikuwa sawa na mimi nilikuwa punda. Walilipokea hilo bila kubisha.

Kivukoni upande wa kisiwa, tulipokuwa tukingoja kuingia ferini, kijana mmoja nadhifu aliye ndani ya gari alitoa kichwa dirishani na kunisalimu, "Assalamu alaikum, mzee." Sikumjibu. Akarudia. Watu wakaanza kunitazama, kwani mzee asiyeitikia salamu ni aibu kwa kofia yake. Nikamwambia anionyeshe kwanza mikono. Aliionyesha yote miwili, mitupu, akishangaa, ndipo nikamwitikia kwa ukamilifu.

Akataka kujua sababu. Ndani ya feri nilisimama kando ya dirisha lake na kumsimulia kisa cha Karisa, mfupa wake, uzee wake wa kanisa, na mke wake aliyekaa kimya. Alisikitika kweli. Alisema ni dhambi, na kwamba madereva kama hao wanyang'anywe magari. Alinishika mkono na kuniombea afya. Feri ilipogusa Likoni na magari kuanza kupanda, kitu kikalia kitini pembeni yake. Alikitazama. Akanitazama mimi. Akakiinua hadi sikioni, akakanyaga mafuta.

Nilitoka kabisa barabarani, nikaikokota baiskeli kando ya njia mpaka Bofu.