Uso wa Dereva wa Gari Jekundu

Binti yangu ameniletea kitabu cha saikolojia, anasema kimemfungua macho. Kinafundisha kwamba unaweza kumjua mtu mara tu unapomtazama usoni. Nimekisoma nusu, nikakiweka chini kwa hasira. Mimi niliwahi kuona uso ukisomwa barabarani, na aliyekuwa akisubiri majibu ni mama yangu.

Ilikuwa masika, Uhuru bado mpya. Mimba ya mama iliharibika na damu ikakataa kukata. Mkunga aliposema hana la kufanya tena, wanaume walimlaza mama kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba mabegani kuelekea hospitali ya Kilosa. Kutoka kwetu Kisanga ni mbali, na njia ilikuwa tope tupu. Bibi, mama yake mama, alitembea kando ya kitanda akimshika mkono. Mimi nilifuata nyuma na kibuyu cha maji, nikiona damu ikidondoka kupitia kwenye kamba. Niliogopa hata kulia.

Hatujafika hata kijiji cha Ulaya, gari jekundu likatokea nyuma yetu, upande wa Mikumi, likasimama.

Siku zile gari jekundu lilikuwa na maana moja tu: mumiani, wale watu waliosemwa kuwa hukamata wapita njia na kuwanyonya damu wakaiuze. Hakuna aliyewahi kuwaona, na hakuna aliyekuwa na shaka. Wanaume wakatua kitanda. Baba mdogo akachomoa panga.

Dereva alishuka. Hakutoa salamu, na mbele yake wamesimama watu wazima. Midomo ameibana, macho yanakimbia huku na huku, jasho linamtoka.

"Mtazameni usoni," baba mdogo akasema. "Ameshasikia harufu."

Wote tukaona. Hata mimi niliuona, naapa, uso wa mtu mwenye kiu. Nilitaka wampige, na papo hapo nililitaka gari lake. Mama alikuwa ameacha hata kulalamika, midomo imempauka, na muda tuliopoteza pale ulikuwa wake.

Bibi akawapita wanaume, akamshika dereva mkono kama anayemvuta mtoto mtukutu, akamleta hadi kitandani. Akafunua khanga.

"Tazama."

Dereva akatazama. Akakaa kwenye tope, akatapika.

"Mumiani gani huyu?" bibi akasema. "Hata kuku hawezi kuchinja. Shusha panga, mpandisheni mwanangu."

Panga lilibaki juu. "Anajifanya."

"Basi mkate," bibi akasema, "halafu uendeshe wewe."

Baba mdogo akalishusha. Dereva akajifuta mdomo, na ndipo alipokumbuka adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Twende."

Alitupeleka mpaka Kilosa bila kugeuza shingo nyuma hata mara moja. Gari lilikuwa la shamba la mkonge, naye alikuwa dereva tu. Mama alipona. Yule bwana hatukumwona tena.

Bibi akapata sifa kwamba anasoma nyuso. Watu walimletea wachumba wa binti zao awaangalie, naye hakukataa. Nilijivuna naye kwa miaka mingi. Wakati wa Ujamaa, tulipohamishiwa kijiji kipya, niliwasimulia majirani kisa hicho jioni moja tukiwa tunapepeta mpunga, nikaigiza hata kule kutapika. Walicheka sana. Bibi naye alicheka.

Mama hakucheka. "Na kama angekuwa daktari?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Daktari haogopi damu. Angeitazama yangu bila kupepesa macho, na mngemkata palepale. Mimi ningefia kwenye tope, na gari lipo."

Akaendelea kupepeta. Nilimgeukia bibi anitetee, lakini bibi alikuwa ameinamisha uso kwenye ungo wake, na hakuuinua.