Hatua Sita za Futikamba

Walimwita Futikamba kwa sababu tangu aajiriwe kupima njia ya mradi wa umeme wa upepo, hakuna alichokiona bila kukikadiria mita. Hata msibani alipima kaburi kwa macho. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mapanga ya mitambo, kila moja mita sitini, yanabebwa juu ya trela hadi mlimani bila kugusa kitu. Kila kona aligonga vigingi vyekundu. Nyumba iliyoangukia ndani ya vigingi ilivunjwa, mwenyewe akajengewa nyingine ya tofali.

Kona ya kisimani palikuwa na nyumba ya dada yake, aliyemlea tangu anatambaa. Dada akamsihi asimhamishe. Marehemu mumewe aliijenga kwa mikono yake. Futikamba akatazama huku na huku, akang'oa kigingi, akakisogeza hatua sita, nyumba ikabaki nje ya vigingi. Magurudumu yatapita, alijiambia.

Na kweli yangepita. Ila panga lina mkia, na trela likikata kushoto, mkia unafagia kulia. Somo hilo yeye ndiye aliyewafundisha vibarua wote.

Siku ya siku, trela la kwanza lilikwama kisimani, mkia shubiri moja na jiko la dada. Nyuma yake foleni ya mengine manane. Majirani waliokwisha kuhamishwa walikuja kutazama, wamebeba na viti.

Msimamizi akafungua orodha ya wanaojengewa. Dada hakuwemo, na orodha ilifungwa mwaka jana. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kigingi hiki kilisogezwa na nani.

Mkataba wa kudumu wa Futikamba ulikuwa unasubiri saini wiki ile. Akasema ni mwenye nyumba.

"Mdogo wangu," dada akauliza kutoka mlangoni, "ni mimi?"

Futikamba akageuka kuupima mkia kwa macho. Msimamizi akaandika kwamba mama huyu amehujumu mradi, hastahili nyumba. Akapewa dakika ishirini atoe vyombo.

"Pole, shoga," jirani mmoja akamwambia kutoka kitini. "Sisi tulivunjiwa kwa heshima."

Dereva wa katapila akauliza aanzie wapi. Futikamba akapima mara mbili.

"Vunja jiko," akasema. "Chumba cha mbele kitabaki."

Kikabaki, kuta tatu. Mapanga yote tisa yakapita, mkataba ukasainiwa. Jumapili akampelekea dada mabati mawili ya kuziba nyuma. Dada akayapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama mbele ya mgeni.

"Ahsante, bwana mradi," akasema. "Nitie saini wapi?"