Kaka Yangu wa Saruji

Mama alishavaa baibui tangu asubuhi, akingoja uzinduzi. Jana yake nilichungulia chini ya turubai pale Mitwero, nikaiona sanamu ya kaka yangu. Jamani! Kati ya watu wote aliowaigiza jukwaani na kwenye filamu, fundi kamchagua yule mlevi: magoti yamepinda, shati wazi, chupa mkononi. Ndiye watu waliyempenda, sawa. Lakini mama hakuwahi kumtazama mlevi yule hata siku moja. Alikuwa akizima runinga na kusema, "Mwanangu hanywi."

Nilitaka kumwambia, nikashindwa. Tangu kaka afariki Dar es Salaam, mama hakuwa amelia. Masika yale barabara ilikatika Somanga, tukafika ameshazikwa. Watani wetu ndio hawakufika kabisa. Na kwetu msiba usio na watani, wa kumdhihaki marehemu na kuwachekesha wafiwa, ni msiba nusu. Jambo hilo lilimkaa mama moyoni, presha ikampanda, akawa mtu wa kidonge kila siku. Nikasema, leo akiiona ile chupa ataanguka hapa hapa, na fundi huyo nitamla nyama.

Turubai likavutwa. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuitazama sanamu, nilimtazama mama. Kakodoa macho. Nikamshika mkono, wa baridi.

Mara bibi mmoja, mtani wetu wa kutoka Kikole, akajitoa kwenye kundi. Kajifunga khanga kiunoni, kashika chupa ya maji, anapepesuka vilevile kama kaka kwenye filamu. Akaizaba sanamu kofi la tumboni.

"Wewe mlevi! Ukafia mbali ili tusile ubwabwa wako? Mchoyo mkubwa wee! Na sura mbaya hivyo, nani atakulilia?"

Mgeni rasmi akakunja uso. Vijana wa ulinzi wakamfuata bibi kumtoa. Yarabi, nikawaza, aibu gani hii mbele za watu, na mama je?

Nikageuka. Mama alishanyanyuka kwenye kiti. Alikuwa akicheka, na machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Mwacheni!" akawafokea wale vijana. "Mwacheni mtani afanye kazi yake. Mwanangu anazikwa."