Mlima wa Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi wa rejeta za magari, na akiwa ameishika rejeta usimwambie habari ya chakula wala wageni. Mtaa mzima unamwita Rejeta. Mimi namwita Baba Pacha, ila nikikasirika namwita Fundi, na siku zile za mlima nilimwita Fundi kuliko miaka yote ya ndoa yetu.

Mlima wenyewe ni ule wa kwenda kwa mama yake. Mama mkwe anaishi peke yake kule juu, na tangu alipoteleza kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akaumia nyonga, Baba Pacha alikosa raha kabisa. Alitaka mama ahamie kwetu. Pacha wetu wameshaolewa, chumba chao kipo tu. Akakipaka rangi, akakata miguu ya kitanda kiwe chini, halafu akatengeneza kishikio cha bomba la shaba, akakisugua mpaka kikang'aa, akakikaza pembeni ya mlango ili mama apate pa kushika.

Tatizo lilikuwa mama mwenyewe. Kila akibembelezwa, anacheka. Mwisho akamwambia mwanawe, "Gari lako likifika katikati ya mlima linapumzika kama mimi. Siku likipanda mpaka mlangoni kwangu bila kusimama, nitafunga mizigo nije."

Mtu mwingine angejua kwamba anataniwa. Huyu wangu alirudi nyumbani macho yanawaka, hata viatu hakuvua, akaenda kufungua boneti.

Gari letu lina tabo. Mimi si fundi, lakini nimelishwa habari hizo asubuhi na jioni, acha na nyinyi niwalishe. Tabo inaisukumia injini upepo mwingi ili ipate nguvu. Sasa upepo ukisukumwa hivyo unapata moto, na ukiingia na moto wake, nguvu inapungua. Ndiyo maana inawekwa intakula, kitu kama rejeta, kazi yake kuupoza upepo kabla haujaingia. Ya kwetu ilikaa juu ya injini. Pale mlimani, gari likienda mwendo wa kinyonga, injini iliipasha moto intakula yenyewe, na gari likaishiwa pumzi palepale kila safari.

"Ama niiache juu nitoboe boneti ipate upepo," aliniambia mezani, "ama niweke ya maji, ama niihamishie mbele, nyuma ya bampa."

"Ya maji ikoje?"

"Ina pampu yake, tangi lake, mabomba yake..."

"Hiyo hapana, Fundi. Sebule yangu ina vyuma vya kutosha."

Akachagua ya mbele, na hapo hakukosea. Alikosea kwenye ukubwa. Aliniletea intakula ya lori kutoka kwa wauza skrepa, pana kama mlango wa kabati. Nikamuuliza kama si kubwa mno. Akaniangalia kwa huruma, eti mimi najua nini, kubwa ndiyo inayopoza. Haya.

Tukapanda. Tulipopita pale pa kupumzikia gari likiwa na nguvu zake, alipiga usukani kwa furaha, na mimi nikapiga vigelegele. Hatujafika mbali, mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Lo! Ile intakula ya lori ilikuwa imefunika rejeta yote, ile inayopoza maji ya injini, hata upenyo wa kupitisha hewa haukubaki. Fundi wa rejeta wa mtaa mzima alikuwa ameiziba rejeta yake mwenyewe!

Nilicheka mpaka nikakaa chini kando ya barabara. Kisha nikamwona uso wake.

"Ataanguka tena kule peke yake," alisema, "na mimi niko hapa nachezea vyuma."

Kicheko kikaniisha. Nampenda mtu huyu jamani, hata akiwa na ukaidi wake. Nikampangusa jasho kwa kitambaa changu cha kichwa, nikamwambia turudi tukaanze upya.

Safari hii alichagua kwa utulivu. Alitafuta nyembamba, ya kukaa chini kabisa nyuma ya bampa, rejeta ibaki na uso wake wazi, na mabomba akayafanya mafupi. Alipima na kupima tena, mimi namshikia tochi uvunguni na kumwambia anyamaze apime. Tulipopanda, pale pa kupumzikia tulipapita, na pale pa mvuke tukapapita. Akapiga honi mlangoni kwa mama mpaka majirani wakachungulia.

Mama mkwe alitoka ameshika ukuta. "Mmesimama wapi?"

"Hatujasimama popote, mama. Muulize huyu."

Nikamwapia. Mama akakaa kwenye kiti chake, akalitazama gari kwa muda. "Ningejua," akasema, "ningetaja mlima mrefu zaidi."

Hakuna aliyecheka.

"Hapa ndipo nilipokulea, mwanangu. Hata taa ikizimika najua kila ukuta ulipo. Kwenu nitakuwa mgeni mpaka nife. Lakini nimeahidi, ngoja nikafunge mizigo."

Akaingia ndani kweli, akaanza kutungua nguo zake msumarini. Mume wangu alisimama mlangoni akimtazama. Halafu akalichukua gauni mikononi mwa mama yake, akalitundika tena pale lilipokuwa.

"Acha, mama. Mlima nimeshauweza. Nitakuwa napanda mimi."

Kesho yake aliking'oa kile kishikio cha shaba kwenye chumba cha pacha, tukakipeleka juu, akakikaza kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Mama akakishika, akakitikisa.

"Kimelegea," akasema.

"Hakijalegea, mama."

"Kimelegea. Kesho uje ukikaze."

Nilikivuta mwenyewe kwa mikono miwili, na hakikutikisika hata kidogo. Nikamgeukia mume wangu nimwambie. Alikuwa ameshainama anakusanya spana zake, machozi yanamlengalenga.

"Nitakuja, mama," akasema. "Kesho nitakuja kukikaza."