Bastola ya Jirani na Timu Yake

Jumamosi, tulipomaliza umuganda, kazi ya pamoja ya usafi, hapa Kibagabaga, tulikaa kwenye nyasi na majembe yetu. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, akasimama akatueleza: Jirani yetu mmoja, mfanyabiashara, anaomba kibali cha bastola yake kiongezwe muda, na polisi wanataka kujua tabia yake. "Kuna mwenye neno?"

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Huyu iko mpole. Lakini timu yake ikifungwa, anapiga kelele mpaka kuku wangu wanakimbia!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwenye bastola alitushinda wote kwa kicheko, akajifuta machozi. "Ni kweli, mama. Ndiyo maana siku ya mpira ufunguo wa sanduku la bastola iko kwa madamu."

Mkewe akafungua fundo la kitenge, akauinua ufunguo juu tuuone. "Na leo wanacheza," akasema.

Nilimuuliza mwenye bastola pembeni kama hakuona aibu kuchunguzwa hadharani.

"Aibu ya nini? Mimi naogopa yule aliyepewa bunduki bila majirani kuulizwa."

Jioni timu yake ilifungwa. Kuku walikimbia kweli kweli, nasi tukalala fofofo.