Mjukuu wangu ni mtangazaji Uingereza, na amenifanya mchawi Sumbawanga

Wewe unayesoma hapa na bibi yako yu hai, mara ya mwisho kukanyaga mlango wake ni lini? Usinijibu kwamba umepiga simu. Simu hainywi uji. Mnakaa huko miaka, mnatuma "shikamoo bibi" na kidoli cha kucheka, halafu tukifa mnajaza basi zima kuja kulia. Leo nina hasira, nivumilieni.

Admin, jina langu lifiche. Nina miaka sabini na kitu, hesabu kamili alikuwa nayo mama yangu. Nipo Kizwite, hapa hapa Sumbawanga. Shule sikuigusa, anayeandika ni mkamwana wangu ninayeishi naye, na nimemwambia asirembe.

Nina mjukuu wa kike. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto bado ananyonya. Baba yake ni Mwingereza aliyekuja kuchimba visima. Nilimlea mimi hadi miaka kumi, ndipo baba akamchukua. Alikuwa na mdomo mtoto huyo. Nani kajifungua, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani, habari zote alizitembeza yeye. Siku moja akatangaza kwamba jirani kaiba kuku wetu. Nikamuuliza, "Ulimwona?" Akasema, "Watu wanasema." Kuku akakutwa ameatamia nyuma ya choo. Nilimshika mkono, tukaanzia nyumba ya pale bombani, mlango kwa mlango, na kila mlango akasema mwenyewe: "Nilisema nisichokiona." Alilia hadi nyumba ya nne. Ya tano alishazoea.

Kazi ya mdomo ndiyo aliyoiendea. Huko kwao alianza kwa kubeba nyaya za wenzake, akaja kusoma habari za alfajiri kwenye televisheni, kisha akatumwa vitani. Mkamwana alinionyesha kwenye simu, amevaa koti la kuzuia risasi, nyuma yake moshi. Nikampigia: "Inama, mjinga wewe." Akacheka. Sasa ni mtu mkubwa, anatambulika barabarani. Nilijivuna, sikatai.

Kiangazi kilichopita akaja. Miaka kumi na minne hajaniona, na amekuja na wanaume wawili na kamera. Mimi nachinja jogoo, yeye anapima mwanga. "Bibi, ingia tena mlangoni." Nimeingia mlango wangu mwenyewe mara tatu, kama mgeni. "Bibi, peta ulezi tena, taratibu." Nikapeta. Mwisho akasema, "Sasa kaa tu, tazama kamera, usiseme kitu. Tunarekodi ukimya wa chumba, kila mahali tunafanya hivyo." Nikakaa. Macho yangu ni mekundu, napikia kuni tangu utoto.

Filamu yake ikaonyeshwa kwao, ikarudi kwenye simu za huku. Mkamwana akanitafsiria. Ungo wangu unacheza, na sauti ya mjukuu inasema huu ni mji ambao wachawi husafiri kwa ungo. Halafu uso wangu, kimya, na sauti yake: wapo wanaojua, lakini hawasemi. Ule ukimya wangu ndio waliouweka pale. Neno la uchawi hakuniuliza hata moja. Angeniuliza ningemjibu.

Nikampigia.

"Bibi, yale maneno aliyaandika mhariri."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Basi usinitajie mhariri."

Vijana wa bodaboda wakaanza: "Bibi, ungo wako unatumia petroli au dizeli?" Nikawajibu, "Unatumia akili, ndiyo maana ninyi hampandi." Tukacheka. Lakini mwezi uliopita msibani nimeshika mwiko nisonge ugali kama miaka yote, jirani yangu, yule yule wa kuku, akautoa mkononi mwangu polepole. "Pumzika, mama." Hakunitazama. Watoto waliokuwa wakija kula viporo kwangu wamekatazwa. Na juzi amekuja mwenyekiti wa mtaa, kofia mkononi. "Mama, kwa usalama wako, nenda kwanza kwa mdogo wako kule Mpanda. Vikongwe wenye macho kama yako wamewahi kudhuriwa." Kwa heshima zote, ananitoa kwenye nyumba ambayo matofali yake niliyafyatua kwa mikono hii.

Mkamwana ameshafunga mizigo. Mimi nimekaa juu ya mzigo wangu, sijaufunga. Nikiondoka watasema amekimbia, kumbe ni kweli mchawi. Nikibaki, sijui nani atakuja na panga. Ninyi wenye macho ya kusoma, nipeni akili: niende au nibaki? Msiniambie nimsamehe mjukuu. Nampenda, hilo sikuuliza.

Na wewe mjukuu wangu, najua unausoma ukurasa huu ili Kiswahili kisikutoke. Ukija, njoo mchana, na kamera iache huko huko. Usianzie kwangu. Anzia nyumba ya pale bombani, mlango kwa mlango, maneno unayajua. Ukimaliza wa mwisho ndipo uje ule. Jogoo mwingine yupo. Tutakula nje, kwenye sahani moja, watu watuone.